Mwanamume Mwenye Mimba wa Newala

Kila mara mchekeshaji wa Bongo anapovaa gauni, akafunga kanga kichwani na kuingiza mto tumboni ili aigize mke mjamzito, lazima atokee mtu wa kulalamika. Ataandika barua gazetini, atapiga simu redioni, au atasema pale kijiweni kwa sauti ya mtu aliyekabidhiwa funguo za taifa: huu si utamaduni wetu, mambo haya yametoka Marekani. Nimeyasikia malalamiko haya tangu enzi za Ze Comedy pale EATV, yakaendelea kundi lilipohamia TBC1 mwaka 2008 na kuitwa Orijino Komedi, na yapo hadi leo kwa hawa wachekeshaji wa kwenye simu. Sitaki kubishana na mlalamikaji kuhusu ladha. Vichekesho vibovu vipo, tena vingi, na mto tumboni peke yake hauchekeshi. Ninachotaka ni kumpandisha basi la kusini, tuvuke Daraja la Mkapa pale Rufiji, tupite Lindi, tukate kulia Mnazi Mmoja, tulale Masasi kwenye majabali yake, asubuhi tupande uwanda wa Makonde mpaka Newala. Huko nimwonyeshe tumbo.

Tumbo hilo ni la mti. Limechongwa kuanzia kifuani mpaka chini ya kitovu: matiti mawili, tumbo la miezi minane au tisa, kitovu kilichojitokeza nje, na juu ya ngozi ya mti zimewekwa chale za Kimakonde, zile nembo ambazo zamani watu walichanjwa usoni na mwilini. Pembeni lina matundu ya kamba. Aliyelivaa alikuwa mwanamume. Alilifunga kifuani, akavaa na kinyago cha uso wa mwanamke, mara nyingi chenye ndonya kwenye mdomo wa juu, akajifunika mwili uliobaki ili asitambulike, kisha akaingia uwanjani kucheza mke mwenye mimba. Vitabu vya makumbusho vinamtaja mchezaji huyo kwa jina la amwalindembo. Vinaeleza kwamba aliigiza taabu ya mimba na uchungu wa uzazi, polepole, akifuata mdundo wa ngoma, wakati wa sherehe za kuwapokea vijana waliotoka jandoni na unyagoni.

Wamakonde wa upande wetu huziita ngoma za vinyago midimu. Ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wamakonde wa Msumbiji, zinaitwa mapiko, na kinyago chenyewe lipiko. Kinyago cha Msumbiji huvaliwa kama kofia, kinameza kichwa kizima. Cha kwetu hufunika uso. Ni watu wa asili moja, na mto haujawahi kuwazuia kuoana wala kuigana.

Mlalamikaji wangu hapo atakuwa ameshapata pa kutorokea. Atasema: kumbe, hiyo ni elimu, vijana walikuwa wanafundishwa uzazi, usifananishe na upuuzi wa kwenye televisheni. Nami ndipo ninapotaka tubaki kidogo, kwa sababu hilo neno "elimu" limefanya kazi kubwa sana ya kuwafukuza watu uwanjani na kuwaacha mabwana wa makumbusho peke yao.

Wa kwanza wao tunamjua. Mwaka 1906 alishuka Lindi Mjerumani aitwaye Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Mpango wake wa awali ulikuwa aende Kondoa Irangi, lakini huko kulikuwa na vurugu, akaelekezwa kusini. Kusini nako moshi wa Maji Maji ulikuwa haujatulia. Misheni ya Masasi ilivamiwa na kuchomwa Agosti 1905, na wamisionari wakakimbilia pwani. Weule akapita Masasi, akawa mgeni wa Matola kule Chingulungulu na wa Nakaam kule Chiwata, akapanda Newala, na mwisho akakaa Mahuta. Katika mizigo iliyobebwa na wapagazi wake kulikuwa na fonografu ya silinda za nta kwa ajili ya sauti, na mashine ya kupigia picha za sinema iliyotengenezwa na kampuni ya Ernemann ya Dresden.

Hebu lifikirie hilo. Sinema yenyewe ilikuwa na umri wa miaka kumi na moja tu tangu ndugu wawili Lumière waoneshe zao Paris mwaka 1895. Dar es Salaam ilikuwa bado mji mdogo wa Wajerumani. Na tayari kulikuwa na mtu anazungusha mkono wa mashine kwenye uwanda wa Makonde, akipiga picha za watu wanaocheza ngoma. Ni miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa za aina hiyo katika bara zima la Afrika. Tunapopenda kusema kwamba filamu ilikuja kusini kwa magari ya serikali au kwa vibanda vya video, tunakosea kwa nusu karne. Kusini ilikuwa ndani ya filamu kabla haijawahi kutazama filamu.

Kitabu chake kilitoka Leipzig mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner, mama ambaye baadaye alifundisha Kiswahili London. Kina majivuno yote ya Mzungu wa wakati ule, wakati mwingine unatamani ukitupe dirishani. Lakini kina macho. Weule alikusanya vinyago, alipiga picha, alirekodi nyimbo, aliuliza maswali. Tatizo ni kwamba vitu hivyo vilisafiri kila kimoja kivyake. Filamu haina sauti. Sauti imo kwenye silinda ya nta ya dakika mbili tatu, tena si ya ngoma ileile. Kinyago kimo kabatini. Sasa chukua kichekesho chochote unachokipenda, kata picha uweke sanduku moja, sauti sanduku la pili, nguo za mchekeshaji sanduku la tatu, kisha mwite mtu wa Leipzig akueleze kilihusu nini. Atakuambia kilihusu uzazi. Hatakuwa amedanganya.

Kwa nini basi nasisitiza kwamba kulikuwa na kicheko? Nilifika hapo kwa njia ya kuzunguka, kupitia filamu ya Kimarekani. Miaka ile tuliyokuwa tunauziana sidii za filamu nane kwenye diski moja, mshikaji wangu alinipa Polyester ya John Waters, filamu ya mwaka 1981. Waters ni mtu wa Baltimore, mji usio na sifa kubwa, na alishajipatia jina baya mwaka 1972 kwa filamu ya Pink Flamingos, ambayo mwisho wake siwezi kuuandika hapa kama umetoka kula. Polyester ni ya nyumba ya watu wenye uwezo wa wastani, nje kidogo ya jiji: nyasi zimekatwa, gari liko uani, mapazia mazuri. Ni kama mtu wa kwetu aliyejenga Mbezi Beach akaweka geti jeusi. Ndani ya nyumba hiyo kila kitu kimeoza. Baba anaendesha jumba la sinema za ngono na ana hawara. Mtoto wa kiume ana ugonjwa wa kukanyaga wanawake miguu barabarani. Wa kike amepata mimba kwa mhuni. Mama, Francine Fishpaw, anakunywa pombe na kulia.

Na mama huyo ni mwanamume. Aliyemcheza ni Divine, jina la jukwaani la Harris Glenn Milstead, pande la mtu, aliyefariki Machi 1988 akiwa na miaka 42. Watazamaji walipewa kadi yenye namba kumi. Namba ikitokea kwenye skrini unakwaruza kadi na kunusa: ua la waridi, kisha ushuzi, viatu vichafu, na kadhalika. Waters aliita Odorama. Bila shaka ni uchafu, na ndiyo maana filamu hiyo ina mashabiki sugu mpaka leo, wanaoirudia kama watu wanavyorudia taarab ya zamani. Ila jambo lililonigusa halikuwa kadi. Ni kwamba ili kuicheka familia, kuicheka kweli mpaka kwenye mfupa, walimweka mwanamume katika mwili wa mama. Mwanamke halisi akilia jikoni unamwonea huruma, na huruma inafunga mdomo. Mwanamume mnene aliyevaa gauni akilia jikoni, unacheka kwanza. Halafu, ukiwa katikati ya kucheka, unagundua kwamba yale machozi unayajua, uliyaona kwenu.

Mwaka 2007 filamu mpya ya Hairspray, iliyotokana na ile ya Waters ya 1988, ilimweka John Travolta kwenye nafasi hiyohiyo ya mama, na watu wakapeleka watoto wao kutazama. Hivyo ndivyo uchafu unavyozeeka na kuwa burudani ya Jumapili.

Turudi Newala sasa, na tumbo la mti.

Familia iliyokuwa inaigizwa pale uwanjani haikuwa kama ya Baltimore. Wamakonde, kama Wayao na Wamakua wa pale Masasi, walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwenye sauti juu yake ni mjomba. Mume mara nyingi alihamia kwa watu wa mkewe, akawa mgeni anayelima na kuangaliwa, na mkulungwa wa ukoo, kaka yake mke au mjomba wake, ndiye aliyekata mashauri. Kwa hiyo mimba katika nyumba ile haikuwa jambo la siri la mke na mume. Ilikuwa ukoo unaongezeka, na unaoongezeka si wa mume. Tumbo ndipo penye mali, penye madaraka, penye kesho ya watu wote. Mume alichangia akakaa pembeni.

Sasa mwanamume wa jamii hiyo anachonga tumbo, analifunga kwa kamba, anaingia uwanjani mbele ya mkewe, mama mkwe, shemeji na vijana waliotoka kutahiriwa jana, na anatembea kama mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa. Mtu aniambie hapo hakuna utani. Nadhani, na hili ni wazo langu mwenyewe, kwamba kulikuwa na utani, kulikuwa na wivu na kulikuwa na hofu, vyote ndani ya mti mmoja. Vijana walikuwa wanafundishwa, ndiyo. Walifundishwa kwamba kitu hiki kinauma, kinaua, na kinatawala maisha yenu. Lakini njia ya kufundisha ilikuwa kumwona mtu mzima anajivunjia heshima hadharani.

Ushahidi mzuri zaidi uko ng'ambo ya mto. Mapiko ya Msumbiji yamechunguzwa sana, na wote waliochunguza wanakubaliana juu ya jambo moja: vinyago vile viliwasuta watu. Kulikuwa na lipiko la Mreno, la Mhindi, la askari, la bibi kizee, la mwanamke anayejisikia. Bi Margot Dias, aliyekwenda huko na mumewe Jorge kati ya 1958 na 1961, alizipiga picha za sinema ngoma hizo kwenye uwanda wa Mueda, katika miaka ya karibu na mauaji ya Mueda ya 16 Juni 1960. Baada ya hapo Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kuja Tanganyika. Walikuja na uchongaji wao, na walikuja na ulimi wao.

Kuna jambo linalonikera katika historia hii na sitalipitia kimyakimya. Kichekesho cha tumbo kilikuwa cha wanaume. Wanaume walimiliki siri ya vinyago, wanawake walitakiwa wakiogope kinyago na wasijue ni nani yumo ndani, hata kama mama alikuwa anaitambua miguu ya mwanawe aliyemzaa. Uchungu wa uzazi ukachezwa na mtu asiyeujua. Ukiisoma historia hiyo haraka unasema: ni walewale, hata huko wanaume wamepora mimba.

Lakini wanawake nao walikuwa na uwanja wao. Unyagoni, mlango ukishafungwa, mwanamume ndiye aliyewekwa mezani. Yanayoimbwa na kuchezwa huko hayafai kuandikwa, na mwenye kutaka kuyajua awaulize shangazi zake, ataona kama atajibiwa. Fununu tulizipata sote kupitia kwa Bibi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Zanzibar Aprili 2013. Unyago aliokuwa anaupiga kule visiwani uliletwa na watu wa bara, wengi wao waliochukuliwa utumwani kutoka huku kusini, Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wanyasa. Mwenye bahati ya kumwona bibi yule na ngoma yake, au aliyetazama ile filamu ya 2006 juu ya maisha yake, anajua kwamba alipoanza kueleza mambo ya mume na mke kwa viuno na mikono, hakukuwa na mchekeshaji wa kiume nchi hii aliyeweza kumkaribia. Jamii ilikuwa na vichekesho viwili vya nyumba moja, kila upande ukiusema mwingine, na kila kimoja na msimu wake, uwanja wake na watu wake.

Mtu aliyejaribu kuvisafisha alikaa Masasi. Vincent Lucas, Mwingereza wa UMCA, alifanya kazi hapo miaka mingi, na Masasi ilipokuwa dayosisi mwaka 1926 akawa askofu wake wa kwanza, mpaka 1944. Wamisionari wengine walikuwa wanapiga marufuku: Mkristo akienda jandoni anatengwa. Lucas aliona hiyo ni kazi bure. Kuanzia miaka ya 1910 Kanisa la Masasi likawa na jando lake: wavulana walitahiriwa, walikaa kambini, walifundishwa, ila kwa sala na msalaba, chini ya mapadri. Sifa zilimwendea Lucas, akaandika juu ya jambo hilo, wasomi wa Ulaya wakamsoma. Wanahistoria wa karibuni wameonyesha kwamba walioibeba kazi yenyewe walikuwa mapadri Waafrika, kina Kolumba Msigala, ambao walijua nini kinaweza kuachwa na nini kikiachwa hakuna mtoto atakayekuja.

Nawasifu, kwa kweli. Ukilinganisha na sehemu nyingine ambako mila zilipigwa kwa fimbo, Masasi walitumia akili. Lakini tazama kilichotakiwa kitoke ili jando liingie kanisani: matusi. Nyimbo za uchi, mafumbo machafu, maigizo ya kitandani. Mafundisho ya adabu, utii na usafi yakabaki. La wavulana lilikubali kusafishwa. La wasichana liliwapa shida zaidi, na sishangai, kwa sababu kule matusi hayakuwa chumvi ya chakula, yalikuwa chakula chenyewe. Hapo ndipo nadhani lilizaliwa lile wazo linalozungumza leo kinywani mwa mlalamikaji wetu, kwamba utamaduni wetu ni ile nusu iliyobaki baada ya askofu kupita. Anaitetea mila ya mababu na hajui kwamba anatetea sensa ya mwaka 1926.

Serikali nazo zikafuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini ilitengeneza filamu za Kiswahili Tanganyika kwa kushirikiana na serikali ya kikoloni. Mojawapo ni Muhogo Mchungu, kichekesho cha mtu wa shamba anayeingia mjini. Mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana kutoka kusini, Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, huyohuyo, Simba wa Vita, Waziri Mkuu mwaka 1962. (Sijui nchi nyingine ambayo mchekeshaji wake wa kwanza wa sinema alikuja kuwa Waziri Mkuu, ingawa kinyume chake kimetokea mara nyingi.) Ni filamu safi. Mshamba anachekwa, funzo linatolewa, watu wanarudi nyumbani. Baada ya uhuru mkondo haukubadilika sana. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilimtaka mtengeneza filamu apate kibali kabla ya kupiga picha na kabla ya kuonyesha, na bodi ikawekwa kukagua. Televisheni yenyewe Tanzania Bara iliingia mwaka 1994. Kwa hiyo kwa karibu miaka arobaini uchafu wa nyumbani haukuwa na skrini. Ulibaki ngomani, unyagoni, kwa watani msibani, na kwenye maonyesho ya vichekesho vya mabendi na vikundi vya taarab mijini, ambako wachekeshaji walikuwa wanajipaka masizi na kuvaa sketi kati ya wimbo na wimbo.

Waliotoka huko ndio waliotuletea mto tumboni. Amri Athuman, King Majuto wa Tanga, aliyefariki 8 Agosti 2018, alijenga maisha yake yote juu ya baba bahili, mume mkware na mkwe mkorofi. Joti wa Orijino Komedi anacheza bibi kizee na anacheza kitoto cha kike, na kwa maoni yangu bibi wake ni bora kuliko wanaume wake wote.

Niliwahi kuingia kwenye kibanda cha video Masasi, kile cha mabenchi na turubai, mchana wa jua kali. Ilikuwa inaonyeshwa filamu moja ya mtindo huo, jina limenitoka: mume amejifanya ana mimba ili akwepe kazi, au kitu cha namna hiyo. Wanaume walicheka. Mama mmoja mwenye beseni la maandazi alikuwa amesimama mlangoni akitazama bila kulipa, na yeye alikuwa hacheki. Alikuwa anamsahihisha. Kila mwigizaji alipoinuka, mama yule alimwambia kwa sauti kwamba mwenye mimba hainuki hivyo, anashika kiuno kwanza, anageuka upande. Mwishowe akaweka beseni chini akaonyesha. Kibanda kizima kikageuza shingo, kikaacha skrini, kikamtazama yeye. Alimcheza yule mwigizaji akimcheza mwenye mimba, na mbavu zangu ziliuma mpaka jioni.

Nalitaja kwa sababu linaonyesha kitu ambacho skrini imekipoteza. Uwanjani Newala, mke aliyeigizwa vibaya alikuwepo, na msimu ukigeuka zamu yake inakuja. Kwenye televisheni ya saa tatu usiku hakuna zamu. Mchekeshaji anamcheka mke, mke mwingine anacheka sebuleni, na tangazo la sabuni linafuata. Nikiwa na ugomvi na vichekesho vya Bongo, ugomvi wangu uko hapo. Matusi siyaogopi. Waters alimpa Francine filamu nzima, dakika zaidi ya themanini za machozi yake, na mwisho akamwacha asimame. Sisi tunampa mke dakika tatu, kofi na mto unaodondoka.

Na matumbo yenyewe yako wapi? Mengi yako ugenini, Leipzig, Berlin, London, na kwa watu binafsi wenye fedha. Mengine yanachongwa mapya kwa ajili ya watalii, yamepakwa rangi ya viatu ili yaonekane ya zamani, na hayana alama ya jasho ndani. Hata yaliyokuwa kwetu hayakukaa salama. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde, lipiko, kiliibwa kwenye Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Kilionekana Ulaya mwaka uliofuata, kikanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Walipokuja kugundua kwamba ni cha wizi, mazungumzo yalichukua miaka ishirini hivi. Kilirudishwa Mei 2010 kwa sherehe, hotuba na picha za magazetini, viongozi wamekishika kwa mikono miwili kama mtoto wa ubatizo.

Msimu wa jando na unyago ukifika, kuanzia Juni hivi baada ya mavuno, midimu bado inatoka vijijini Newala na Tandahimba. Vijana wanairekodi kwa simu. Nimetazama rekodi nyingi za namna hiyo, picha zinatikisika, vumbi tupu, na safari hii sauti imo. Kuna moja kinyago kinamfuata jamaa mmoja mwenye suti, huenda ni mwalimu, huenda ni mgombea, kinaiga mwendo wake nyuma yake hatua kwa hatua, tumbo mbele, na jamaa hajui watu wanacheka nini. Sauti iliyo karibu zaidi na simu ni ya bibi mmoja, nadhani ndiye mwenye simu yenyewe maana picha inatikisika kila anapocheka, anarudia neno moja la Kimakonde ambalo rafiki yangu wa Newala, nilipomchezea, aliomba kwanza nipunguze sauti.